Hodi Chini ya Barafu

Mtu akisimama, husimama juu ya nini? Usiniambie ardhi. Hilo ni jibu la mtu ambaye hajawahi kuuliza, na watu wa mji wa Karibuni waliacha kuuliza zamani, tangu siku waliyoambiwa kwamba wamekaribishwa. Chini ya nyayo zao palikuwa na theluji, chini ya theluji palikuwa na barafu, na barafu hiyo ilishuka, ikashuka, kina cha mlima mzima uliopinduliwa kichwa chini. Na chini yake? Chini yake palikuwa na nchi, yenye milima yake na mabonde yake na mito ambayo haijaitwa na mtu kwa jina. Jicho halikuwahi kuiona. Juu, Karibuni, jua halikuchwa. Lilizunguka ukingoni mwa mbingu kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi, na kwa sababu hiyo jana na kesho zilikuwa zimekwisha kukutana na kuchanganyika, hata mtu akisema "nitazaliwa jana" hakuna aliyemcheka. Walitoka wapi? Hawakukumbuka. Wengine walidai walikuja kwa miguu. Wengine walidai walikuwa wamekaa tu, na barafu ndiyo iliyotembea.

Sihaba binti Kazija ndiye aliyekuwa msomaji wa rada. Kazi yake ilikuwa kuichora hiyo nchi isiyoonekana, kipande baada ya kipande, mpaka ramani ikamilike. Fumo aliendesha trekta la minyororo, nyuma ya trekta kiliburutwa kigari cha kuteleza, na juu ya kigari ilikaa rada na antena zake zilizotanuka kama mbawa za kuku anayefukuzwa. Rada ilituma wimbi chini. Wimbi likapenya barafu kama sauti ipenyavyo ukuta wa udongo, likagusa kilichokuwa huko, likarudi, na skrini ikachora mstari. Hayo ndiyo yote. Lakini kabla ya kubonyeza swichi, ilikuwa lazima kupiga hodi.

Usicheke. Wewe unaingia nyumba ya mtu bila hodi? Msomaji alisimama juu ya barafu, akainamisha kichwa, akaita kwa sauti, "Hodi wenyewe!" Kisha akabonyeza. Mstari ukirudi mweupe, mnyoofu, unang'aa, hiyo ilikuwa "karibu" ya mwenyeji. Ukirudi hafifu, umekatikakatika, hakuna aliyeitikia. Hodi ilipigwa mara tatu, na baada ya ya tatu mtu mwenye adabu huondoka, kwa kuwa kung'ang'ania mlango usioitikiwa ni tabia ya mdai au ya mwizi. Palipoitikiwa vizuri ndipo walipojenga. Na pale palipoitikiwa vizuri kuliko pote, kwa mstari mweupe uliowatia watu machozi, palijengwa mji wenyewe. Aliyepiga hodi hiyo ya kwanza alikuwa Bi Kazija, mama yake Sihaba, alipokuwa bado na macho. Sasa weupe wa theluji ulikuwa umemuunguza macho yote mawili, naye alikaa nyumbani katikati ya mji akisikiliza sakafu.

Mambo yaliharibika walipofika kwenye jiwe.

Mwinyikondo, mwenye mji, alikuwa amewatuma wamalize pembe ya mwisho ya ramani, huko ambako hakuna aliyewahi kwenda. Walikwenda mpaka Fumo akasimamisha trekta bila kuambiwa. Mbele yao, katikati ya weupe ule wote, kitu cheusi kilikuwa kimetokeza. Kilikuwa kipana, kimekunjamana, na theluji haikukaa juu yake.

"Dada Sihaba," alisema Fumo, "mimi kitu cheusi nilichowahi kukiona ni sufuria ya mama watoto tu. Hicho nini?"

Sihaba alishuka, akavua glavu, akakigusa. Kilikuwa kigumu na kikali, na baridi yake ilikuwa baridi ya namna nyingine. Akaelewa kwa mkono kabla ya kuelewa kwa kichwa. Hii ilikuwa nchi yenyewe, ile ya chini, imepandisha ncha ya kidole juu ya barafu. Machozi yalimjia. Miaka yote alikuwa amezungumza nayo kupitia mlango, na leo ameiona uso.

Akafanya jambo ambalo hakuna msomaji aliyewahi kulifanya, kwa kuwa hakuna aliyewahi kupata nafasi. Aliivuta rada mpaka ukingoni, pale ambapo barafu ilikuwa nyembamba na jiwe likionekana chini yake. Akapiga hodi, akabonyeza. Mstari ukarudi hafifu, umekatikakatika, una chengachenga kama mchele uliopepetwa vibaya. Akapiga ya pili. Akapiga ya tatu.

"Huyu hataki wageni," alisema Fumo. "Twende zetu. Ya tatu hiyo."

"Fumo, njoo uone. Unaona nini hapo chini?"

"Jiwe."

"Una hakika?"

"Si hilo, dada! Limetulia kama mkwe."

"Jiwe lipo, nimeligusa, na halikuitikia." Sihaba aliitazama tena skrini. "Kama jiwe haliitikii, basi ni nani huyo ambaye siku zote anatuitikia?"

Fumo alirudi kwenye usukani. Akawasha trekta.

Sihaba alitaka kupiga hodi mahali pasipo na jiwe, wakaenda mpaka ukingo wa dunia, pale ambapo barafu iliishia na kuelea juu ya bahari, nyufa zikitoa mvuke. Fumo alisema hasogei hata hatua moja zaidi, kisha akasogea, maana kumwacha mwanamke peke yake kungemfuata mpaka kaburini. Sihaba alisimama karibu na ufa. Chini kabisa aliyaona maji, meusi, yakipanda na kushuka taratibu kama kifua cha mtu aliyelala. Hapo hapakuwa na nchi. Hapo palikuwa na barafu, kisha maji, kisha giza. Akapiga hodi.

Mstari ukarudi mweupe, mnyoofu, unang'aa. Ilikuwa "karibu" iliyo safi, iliyotandikwa kama shuka la bibi harusi. Ilikuwa ileile ya mjini.

Hofu ikamshika miguu. Niseme kweli, kuna hofu za namna mbili. Ipo ya simba, nayo humpa mtu mbio. Na ipo ya kugundua kwamba kitanda ulicholalia tangu utotoni hakina miguu, nayo humnyima mtu hata pumzi, kwa sababu atakimbilia wapi, na akikimbia atakanyaga nini? Hiyo ya pili ndiyo iliyomkuta Sihaba. Alirudi kwenye kigari akitambaa kwa mikono na magoti, akiogopa uzito wake mwenyewe.

Njia ya kurudi haikuwa na mwisho, au ilikuwa imekwisha kabla hawajaianza. Jua lilikuwa palepale. Mara Sihaba alikuwa Sihaba, mwanamke aliyebeba habari mbaya. Mara alikuwa Kazija, kijana, mwenye macho, anarudi kwa watu waliochoka akiwa na habari njema mdomoni, na furaha ile ya mama yake ilimpitia kifuani mwake na kumuumiza. Njia moja, mwanga mmoja, mwili mmoja labda. Nimepapata! Tumekaribishwa! Nani amekukaribisha, Kazija? Sijui, lakini ameitikia. Uliona mdomo wake? Sikuona. Alikuwa na mdomo? Niliita akaitikia, unataka nini zaidi, wewe mtoto ambaye nilikuzaa juu ya neno hilo? Maji huitikia kila anayeita, mama. Huitikia vizuri kwa sababu hayana cha kuficha wala cha kushika. Jiwe ndilo linalobeba, nalo ni bubu. Nyamaza. Nyumba yangu ipo wapi? Ipo juu ya karibu. Nyamaza, Sihaba.

Mwinyikondo aliwapokea kwa chai ya tangawizi. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kucheka taratibu, na watu walimpenda. Alimsikiliza Sihaba mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Kwa hiyo chini yetu kuna maji," alisema.

"Ndiyo, bwana mkubwa."

"Na watu wa mji huu wanaishi kwa nini, mwanangu? Unadhani wanaishi kwa samaki? Wanaishi kwa kuwa waliambiwa karibu. Mtu anaweza kustahimili baridi na njaa. Lakini mwambie kwamba hapa ulipo hakuna aliyewahi kukutaka, uone kama atainuka kitandani kesho." Akamwongezea chai. "Na mimi ni nani bila neno hilo? Mwenye mji wa watu waliovamia?"

"Lakini tutazama."

"Maji yaliyotubeba miaka yote yameanza lini kuwa adui?" Akaweka birika chini. "Hata hivyo, mimi si mtu wa kulazimisha. Mgeni haondoki bila kuaga. Vuta rada yako uwanjani, watu wote waone, uombe ruhusa ya kuondoka. Mwenyeji akinyamaza, tutafunga mizigo. Akisema karibu, utakaa, na hutalirudia neno hilo."

Ulikuwa mtego, na Sihaba aliujua. Maji hayajui neno jingine. Lakini mama yake alikuwa ndani ya mji ule, juu ya sakafu ile, na hakuwa mtu wa kubebwa kwa nguvu. Bi Kazija alikuwa amekwisha kumjibu kupitia Fumo, aliyempelekea habari, kwamba yeye alikaribishwa hapo kwa heshima, na hataondoka kama mwizi kwa sababu binti yake ameota. Bila yeye, watu wasingekwenda. Bila yeye, Sihaba mwenyewe asingekwenda. Kwa hiyo alikubali.

Wakakusanyika wote uwanjani, wamejifunika mablanketi, watoto mabegani. Bi Kazija aliletwa kwenye kiti, akawekwa karibu na rada. Sihaba aliinamisha kichwa. Alikuwa bado anatafuta maneno, maana hakuna aliyewahi kuaga na hakukuwa na namna iliyozoeleka, wakati skrini ilipojichora yenyewe.

Hakuwa amefungua mdomo. Kidole chake kilikuwa mbali na swichi. Mstari ulikuja mweupe, mnyoofu, unang'aa, ukajaza kioo kutoka upande hadi upande. Neno la karibu lilikuwa limekuja kabla ya hodi.

"Ameitikia!" mtu alipaza sauti. "Anasema tukae!" Vigelegele vikapanda. Mwinyikondo alitikisa kichwa kwa upole wa mtu aliyeshinda bila kupenda ugomvi.

Sihaba hakusikia vigelegele. Alikuwa akiuangalia mstari. Katika miaka yote mstari wa Karibuni ulikaa chini kabisa ya kioo, kwa kuwa wimbi lilisafiri mbali kabla ya kurudi. Sasa ulikuwa juu. Ulikuwa umekaribia ukingo ule ambao ni uso wa barafu, ukingo waliousimamia wao. Maji yalikuwa yameila barafu kutoka chini, kimyakimya, wakati watu wamelala. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

"Amesema nini?" aliuliza Bi Kazija. "Sihaba. Nieleze mimi, si hao."

"Amesema karibu, mama."

"Mbona sauti yako imekufa?"

Sihaba aliushika mkono wa mama yake, akauvua glavu, akauweka ule mkono wa kizee juu ya kioo. "Siku ile mstari ulikuwa wapi?"

Bi Kazija aliteremsha kidole mpaka chini ya kioo, bila kusita. Kumbukumbu yake ilikuwa na macho.

"Na sasa uko hapa," alisema Sihaba, akakipandisha kidole kile polepole, juu, juu zaidi, mpaka karibu na fremu. Mama yake alikuwa msomaji kabla yake, na msomaji hahitaji kuelezwa. Uso wa Bi Kazija ukawa uso wa mtu anayeona nyumba yake yote ikipita mbele yake mara moja na kwenda zake. Sihaba alitaka kumwomba radhi na hakujua kwa kosa gani.

"Nyamazeni!" alisema Bi Kazija. Uwanja ukanyamaza. "Mimi ndiye niliyepiga hodi hapa, au ni mwingine?"

"Ni wewe, bibi," watu walisema.

"Siku ile mwenyeji alituitikia akiwa amekaa, ndani kabisa. Leo ameinuka. Amekuja mpaka kizingitini. Haya niambieni, nyinyi mliolelewa mkaleleka. Mmekaa kwa mtu, mmekula, mmekunywa. Mkiona mwenyeji ameinuka kitini, mnafanya nini?"

Kisha mwanamke mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Tunaaga."

"Mnaaga. Anatusindikiza huyo. Mnasubiri awashike mkono?" Akageuza uso wake usioona upande wa Mwinyikondo. "Mgeni mwema hangoji kufukuzwa, mwanangu. Inuka."

Mwinyikondo hakuinuka. Alisema mwenye mji haachi mji, na kwamba bado hajamaliza chai yake, akaenda ndani na kufunga mlango kwa utaratibu. Wengine wote walifunga mizigo. Hawakukimbia; ilikuwa kama watu wanaotoka matangani, kila mtu akigeuka kusema ahsante kwa nyumba yake. Sihaba aliukanyaga ule uwanja kwa ncha za vidole mpaka wa mwisho alipotoka.

Safari ilikuwa ya hofu mwanzo hadi mwisho. Kila waliposimama Sihaba alisoma, na kila aliposoma mstari ulikuwa chini yao, mweupe, umepanda kidogo zaidi. Mwenyeji alikuwa kweli anawasindikiza. Fumo aliendesha huku akisoma dua na kutukana kwa zamu. Bi Kazija alikaa kwenye kigari, amenyooka. Mara moja tu alimshika binti yake mkono na kumnong'oneza, "Nilifurahi mno siku ile. Hata sikuuliza ni nani." Sihaba aliubana ule mkono, akauacha ndani ya wake.

Walipoliona jiwe, nyuma yao mlio ulipita chini ya barafu, mrefu, kama mtu anayevuta meza nzito ndani ya chumba kilichofungwa. Wakageuka. Kule mbali mapaa ya Karibuni yaliinama yote kwa pamoja, taratibu, kwa adabu, na barafu ikashuka nayo. Kisha pakawa na bonde ambapo hapakuwa na bonde. Wapo wanaoapa kwamba walimsikia Mwinyikondo akipiga hodi kutoka chini. Mimi sikatai wala sikubali.

Wakafika ukingoni mwa jiwe, na pale wakasimama. Hakuna aliyepanda. Ungedhani watu waliookoka na maji wangelirukia jiwe lile na kulikumbatia, lakini hujui nguvu ya mlango. Walisimama wamekumbatia vyombo vyao, barafu ikilia nyuma yao, wakimngoja msomaji.

"Piga hodi," alisema Bi Kazija.

"Mama, hili ni jiwe. Nimekwisha kulipiga hodi mara tatu."

"Hukuwa nasi. Piga."

Sihaba alipiga hodi, akabonyeza. Mstari ulikuja hafifu, umekatikakatika.

"Amesema nini?"

Angeweza kumdanganya. Mama yake hakuwa na macho, na watu wengine hawakujua kusoma. Neno moja tu, na wote wangepanda. Lakini neno hilo hilo ndilo lililowalaza juu ya maji.

"Hajasema kitu."

"Ya pili."

Akapiga ya pili. Nyuma, mlio ukapita tena, karibu zaidi, na mtoto mmoja akaanza kulia. "Hajasema kitu, mama."

"Ya tatu." Wote walijua ya tatu ni nini. Baada ya ya tatu mtu huondoka, na hapakuwa tena na pa kwenda.

Sihaba aliizima rada. Alishuka kwenye kigari, akavuka ukingo, akapanda juu ya jiwe lile jeusi lisilomtaka wala kumkataa, akajigeuza kuwatazama. Hakuwa na haki. Nyumba haikuwa yake, wala ya yeyote. Alitafuta chini yake sauti ya kumruhusu na hakuisikia, alisikia ukimya tu, nao ulikuwa umembeba.

"Hodi!" aliita Bi Kazija kutoka kwenye barafu, kwa sauti ileile ya ujana wake. "Hodi wenyewe!"

"Karibu, mama," alisema Sihaba. "Karibuni ndani."

Hakuna aliyesogea. Upepo ulipita. Kisha Bi Kazija akateremka kwenye kigari, akapapasa kwa mguu mpaka akaupata ukingo, na hapo, kwenye baridi ile ya kuua, akainama na kuvua viatu.